Programu ya bure ya kuchambua sauti za wazee wa Chimakonde: nilichojifunza Newala

Mkuu, umeuliza utumie programu gani ya bure kuchambua masimulizi ya wazee kwa Chimakonde, kwa laptopu ya GB 4 na intaneti ya kubahatisha. Nimeifanya kazi hiyo Newala, mkoani Mtwara juu ya uwanda wa Makonde, misimu miwili ya korosho.

Anza na Praat. Waliitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na maana ya jina lake kwa Kiholanzi ni "ongea". Ni ndogo, unaibeba kwenye flashi, na ukishaipakua huhitaji tena bando. Chimakonde ni lugha ya toni, yaani sauti kupanda au kushuka huweza kubadili maana, na irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa. Sisi tuliokulia Kiswahili masikio yetu hupitwa na mengi hapo. Praat inakuchorea kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kwa mstari wa buluu, na urefu wa irabu unaupima kwa milisekunde.

Ila usiuamini mstari huo kabla hujaweka mipaka ya kidatu, kwa Hz (mitetemo kwa sekunde). Kwa mwanaume mimi naweka Hz 75 hadi 300, kwa mwanamke 100 hadi 500. Bibi mmoja nilimpima kwa mipaka ya kiume, mstari ukawa unaanguka nusu nzima katikati ya neno. Nilishaandika kwenye daftari kwamba ni toni ya chini! Sauti yake haikushuka popote, ni hesabu iliyokosea.

Sasa kurekodi, maana kazi nyingi huharibikia hapa. Rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), sampuli 44,100 kwa sekunde (mara ambazo sauti inapimwa), biti 16, mono (mkondo mmoja wa sauti). Ni kama MB 5 kwa dakika. Sauti za kutumiwa WhatsApp zimeshabanwa, usizifanyie vipimo. Na ukirekodi kwa sampuli 8,000 tu, kila kilicho juu ya Hz 4,000 kinapotea, na mvumo wa "s" kwa sehemu kubwa uko huko. Chini ya mkorosho pazuri kwa mazungumzo, lakini upepo wa uwandani kule juu unaunguruma kwenye maiki. Chumba chenye bati tupu kinarudisha mwangwi. Nilipata sauti safi kuliko zote ndani ya nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, simu ikiwa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni.

Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, ni nzuri kwa kukata na kusikiliza. Kosa nililofanya ni kuondoa kelele kisha nikahifadhi juu ya faili la asili. Masimulizi ya dakika arobaini yakabaki na konsonanti zilizolika, na mzee yule sikumpata tena kurudia. Inaniuma hadi leo. Nakili kwanza, faili la asili lisiguswe.

Kuandika maneno sambamba na sauti, tumia ELAN ya Taasisi ya Max Planck, Nijmegen: mstari wa Chimakonde, chini yake Kiswahili.

Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi ambayo OpenAI waliitoa 2022, ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, Chimakonde hakimo. Niliijaribu ikaniandikia Kiswahili ambacho bibi hakukitamka kabisa. Kwa sasa kaa na mjukuu anayeielewa lugha, muandike naye neno kwa neno.

Mstari wa buluu ukikusumbua, weka picha ya skrini hapa, na utaje msemaji ni mwanamke au mwanaume.