Re: Kichwa kuuma baada ya kukimbia, ukuta wa ubongo umetoboka?

Habari mkuu. Umeuliza kama kichwa kilichokugonga baada ya kilomita 21 za juani, na lita nne za maji ulizokunywa njiani, ni ule ukuta kati ya damu na ubongo umetoboka. Mbio usizilaumu kwanza, anza na hayo maji. Chumvi ikishuka kwenye damu, maji hupenya ukuta huo na ubongo huvimba ndani ya fuvu lisilotanuka. Boston Marathon ya 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, asilimia 13 sodiamu yao, yaani hiyo chumvi ya kwenye damu, ilikuwa chini.

Mimi yalinikuta: pete ilikataa kutoka kidoleni, mizani ikasema nimeongezeka kilo! Siku hizi najipima kabla na baada, nakunywa nikiona kiu tu. Ukitapika au ukianza kuchanganyikiwa, hospitali haraka, na maji usiongeze.