Shangazi, mwanangu amwambie nini hakimu?

*Shikamoo Shangazi. Nimetalikiana na baba wa watoto wangu. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 10, mdogo wa kike ana miaka 4. Tangu tuachane baba yao hatoi matunzo, nami nimemzuia asiwaone mpaka atoe. Sasa amefungua kesi, anataka mkubwa akaishi naye. Nasikia hakimu anaweza kumuuliza mtoto anataka kukaa na nani, kwa hiyo nimeanza kumfundisha la kusema. Lakini siku hizi halali vizuri na shuleni ameshuka. Nifanyeje? Mama Wawili.*

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, lililonishika ni hilo la mtoto kukosa usingizi, kwa hiyo tuanze na yeye. Kesi itafuata.

Acha kumfundisha, kuanzia leo. Mtoto wa miaka 10 anaelewa kwamba maneno unayompa yatamuumiza baba yake. Akiyasema, amemkana baba. Asipoyasema, amemwangusha mama. Usiku analala na hesabu hiyo, na haina jibu. Watafiti waliofuatilia familia zilizoachana wamekuta jambo hili mara nyingi: ugomvi wa wazazi usiokwisha, mtoto akiwa katikati, humdhuru kuliko talaka yenyewe. Watoto wengi wa wazazi waliotalikiana hutulia na kukua vizuri. Wanaotaabika kwa muda mrefu mara nyingi ni wale wanaotumwa kupeleka maneno, wanaohojiwa wakirudi ("baba yako anaishi na nani?"), wanaotakiwa kuchagua upande.

Sasa hilo la hakimu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake asikilizwe katika shauri linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Hiyo ni haki yake. Halazimiki kuitumia, na akisema, hakimu hafungwi na jibu lake. Kipimo cha mahakama ni maslahi ya mtoto: nani amekuwa akimwamsha, akimuuguza, akifuatilia masomo yake, wapi atakuwa salama na ametulia, atatenganishwa na mdogo wake au la, maana mahakama nyingi hukwepa kutenganisha ndugu. Mara nyingi hutazamwa pia mzazi yupi yuko tayari kumwacha mtoto ampende mzazi mwenzake, na hapo, mwanangu, umejiweka pabaya. Maafisa ustawi wa jamii na mahakimu wa kesi za familia wamezungumza na watoto wengi. Mtoto anayesema "baba hatimizi wajibu wake wa matunzo" anatambulika mara moja kuwa amekaririshwa, na lawama itakurudia wewe.

Wala usiende ukiamini kwamba mama hushinda tu. Uingereza ya zamani ilimpa baba karibu haki yote, mpaka Caroline Norton, aliyenyang'anywa wanawe watatu na mumewe, alipopigania sheria ya mwaka 1839 iliyomruhusu mama kuomba kukaa na watoto walio chini ya miaka saba. Baadaye mahakama nyingi zikaegemea kwa mama. Leo, katika nchi nyingi, anayetazamwa kwanza ni mtoto.

Kuhusu matunzo, hasira yako naielewa kabisa. Kulisha na kusomesha watoto wawili peke yako wakati baba yao yupo ni dhuluma, na siipunguzi hata kidogo. Ila kwa kawaida sheria huyatenga mambo haya mawili: baba hawezi kugoma kutoa kwa sababu haoni watoto, na mama hawezi kuwafungia kwa sababu hakupewa. Kifungu cha 9 cha mkataba ule kinampa mtoto haki ya kuonana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa pale ambapo ingekuwa kinyume cha maslahi yake. Ni haki ya mwanao unayoizuia. Na umempa mtalaka wako hoja ya kwenda nayo kortini, ambayo bila wewe asingekuwa nayo.

Wafungulie waonane, kwa siku na saa zinazojulikana, mkubaliane kwa maandishi. Wakati huohuo omba amri ya matunzo. Usingoje kesi yake iishe, omba katika majibu yako. Peleka risiti za ada na za dawa, na ujumbe wa simu uliomwandikia ukiomba. Mahali pengi, amri ikishatolewa na akaipuuza, mahakama inaweza kuagiza akatwe kwenye mshahara. Kama kuna ofisi ya msaada wa kisheria karibu nawe, nenda kabla ya tarehe ya kwanza.

Hukuandika kama aliwahi kukupiga au kuwatisha watoto. Kama ndivyo, yaliyo hapo juu kuhusu kuonana yasubiri. Mweleze wakili mara moja, na uombe waonane mbele ya mtu mwingine au wasionane kwanza.

Kwa mkubwa, kaa naye usimame kwenye maneno haya: "Nilikosea kukufundisha. Kuamua ni kazi yetu wakubwa na hakimu. Ukiulizwa, sema lililo moyoni mwako, hata kama ni kwamba hujui. Sitakukasirikia." Huenda asikuamini siku ya kwanza. Ataangalia unavyomtazama akirudi kwa baba yake. Mwalimu wake wa darasa naye ajue kinachoendelea nyumbani, na usingizi usiporudi, mtafutie mshauri wa watoto.

Na akirudi anacheka, ukahisi moyo unakuchoma, mpigie dada yako au niandikie mimi. Yeye usimwambie.