Siku ya kumi na moja

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: mtoto akishathibitishwa kuwa na usonji (autism), fedha za msaada zipewe familia mkononi, au zilipwe moja kwa moja kwa wataalamu na shule? Nililisoma nikiwa nimesimama, nikakaa kulijibu kabla hata sijavua viatu. Jibu langu lilikuwa neno moja: mkononi. Zote, na bila masharti. Mzazi anayelala sakafuni kando ya mlango ili mtoto asitoke nje usiku wa manane hahitaji karani wa kumfundisha matumizi ya fedha.

Waliowahi kukaa kwenye viti vya kliniki wakisubiri majibu ya mtoto wanaijua ile ripoti ya kuthibitisha usonji. Kurasa nyingi za maelezo, halafu ukurasa wa mwisho wenye kichwa “Mapendekezo”: tiba ya usemi, tiba kazi (ya kumzoeza mtoto shughuli za kila siku), msaidizi darasani, tathmini nyingine baada ya mwaka. Atakayelipa hatajwi. Wala haiandikwi popote gharama iliyo kubwa kuliko zote, kwamba kabla mwaka haujaisha mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo ataacha kazi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha katika jarida la JAMA Pediatrics hesabu ya gharama za maisha yote ya mtu mmoja mwenye usonji aliye pia na ulemavu wa akili. Walipata kama dola milioni 2.4 kwa Marekani na pauni milioni 1.5 kwa Uingereza. Magazeti yalizishika namba hizo kubwa. Mimi nilishika mstari mwingine: kwa upande wa watoto, mafungu makubwa zaidi ya gharama ni elimu maalumu na kipato ambacho wazazi wanakikosa. Daktari anafuata nyuma. Mke wangu yumo katika mstari huo. Aliacha kazi binti yetu akiwa na miaka minne na nusu, na hajarudi. Binti sasa ana miaka kumi na mitatu.

Kwa hiyo nilitaka niandike kurasa mbili za hasira na kuzituma. Ila nilipofika kwenye maneno “bila masharti” mkono ulisita, kwa sababu sisi tuliwahi kupewa fedha kwa namna hiyo hiyo. Mnivumilie, nitalieleza kwa urefu.

Wiki mbili baada ya ripoti, kaka yangu mkubwa aliwaita ndugu wote. “Mtoto ni wa ukoo,” alisema, “hatumwachii baba yake peke yake.” Kila mmoja alitoa. Shangazi alitoa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya macho yake. Binamu yangu ambaye hakuwa hata na kazi alitoa. Jumla ilifika sawa na mishahara yangu ya miezi saba, na jioni ile ile zikawekwa mkononi mwangu. Hakuna aliyeniuliza nitazifanyia nini. Waliniamini, na mimi nilijiamini.

Tiba ya usemi ilikuwa na foleni ya miezi minane. Tiba kazi walituambia watatupigia simu. Tukiwa kwenye benchi tukisubiri kuandikishwa, mama mmoja aliyekuwa na mwanawe alinipa namba ya simu kwenye kipande cha karatasi. “Nenda pale, baba,” akasema, “wa kwangu ameanza kutulia.”

Palikuwa mahali safi. Bwana aliyetupokea alikuwa na sauti ya upole, akachuchumaa kumsalimia binti yangu kabla ya kutusalimia sisi. Ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza, tangu siku ya ripoti, kuniambia kwamba kuna jambo la kufanya kesho asubuhi. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Sikumlipa kwa sababu nilikuwa mjinga. Nilimlipa kwa sababu wengine wote walinipa tarehe za mbali, na yeye akanipa kesho.

Alichotuuzia kilikuwa chumba cha oksijeni ya mgandamizo, ambamo mtu huvuta oksijeni chini ya shinikizo kubwa la hewa, kama pipa kubwa lililolazwa, lenye kidirisha cha mviringo. Vikao arobaini vya saa moja. Mtoto huingia na mzazi mmoja, na aliyeingia ni mke wangu. Siku ya kwanza binti alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mimi nikiwa nje nilimwona mdomo ukifunguka nyuma ya kioo, na sikusikia kitu. Aliziba masikio kwa vifundo vya mikono, hivyo ndivyo anavyoziba hadi leo. Siku ya nne hakulia tena. Tukatazamana na mke wangu kama watu waliopewa habari njema. Leo nadhani alikuwa amechoka tu.

Siku ya kumi na moja walipotoka, binti aliiona chupa mkononi mwa mama yake akasema, “Maji.”

Hakuwahi kutamka neno lolote la kuomba kitu. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Nikampigia kaka, kaka akawapigia wengine, shangazi akalia kwenye simu mpaka hatukusikilizana. Saa ile ile nikamalizia malipo ya vikao vilivyobaki, nikatia saini ya vikao arobaini vingine.

Hakukuwa na neno la pili. Fedha ziliisha kwenye kikao cha sitini na mbili. Mwezi huo huo simu ilipigwa: nafasi ya tiba ya usemi imepatikana mapema, malipo ya mwezi wa kwanza yatangulie. Sikuwa na kitu. Nafasi ikapewa mtoto mwingine, na sina kinyongo na mtoto huyo.

Nikaanza kutafuta mkopo wa kumrudisha binti kwenye kile chumba. Usiku mmoja mke wangu alinizuia. “Kaa chini,” akasema, “neno lile halikutoka mle ndani.” Akanieleza. Wiki zote zile, wakiwa kwenye benchi wanasubiri zamu, kila binti alipopata kiu yeye aliishika chupa karibu na uso wake mwenyewe, akasema “maji,” akanyamaza na kuhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, kisha akampa, alitamka au hakutamka. Mara nane, mara kumi kwa siku. Alifundishwa na bibi mmoja aliyekuwa akimleta mjukuu wake. Nyumbani alifanya vivyo hivyo. Mimi sikuwahi kuona, nilikuwa nje ya kidirisha nikitazama ndani.

Siwezi kuthibitisha kwamba ni chupa. Watoto wengine huanza kutamka wakati wao ukifika, na huenda angesema siku ile ile tukiwa nyumbani. Ila najua kwamba mwaka 2013, miaka kadhaa kabla ya sisi kulipa senti ya kwanza, taasisi ya NICE ya Uingereza ilikuwa imeshatoa mwongozo kuhusu watoto wenye usonji, ukiwaambia madaktari waziwazi kwamba oksijeni ya namna ile isitumike kwa usonji, wala zile dawa za kuondoa metali nzito mwilini. Maneno hayo yalikuwepo. Kurasa zile za mapendekezo hazikuwa nayo, na hakuna mtu aliyekuja nyumbani kwetu kutuambia.

Kwa hiyo swali ninalolijibu si hasa mlilouliza. Ninyi mmeuliza fedha zipitie wapi. Mimi nauliza nani aingie nyumbani wiki ile ya kwanza, kabla ya yule bwana mpole.

Na kuingia kwenyewe hakuhitaji mtu adimu. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye usonji na ucheleweshaji mwingine wa ukuaji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na anayeendesha si lazima awe daktari bingwa, ni mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Mafundisho yenyewe ni ya namna ya yale ya bibi wa benchi: kutumia michezo na shughuli za kawaida za nyumbani kumvuta mtoto kwenye mawasiliano. Nilipoyasoma nilimsomea mke wangu. Akanyamaza muda mrefu.

Ujerumani wana kitu ninachokionea wivu. Bima yao ya uangalizi hukadiria uzito wa mahitaji ya mtu kwa madaraja matano, na kuanzia daraja la pili familia huchagua: fedha taslimu, huduma, au mchanganyiko. Anayechagua fedha tu analazimika kutembelewa nyumbani na mshauri kwa vipindi. Zamani ningeita hayo masharti. Sasa naona ni mgeni ambaye sisi hatukumpata.

Hata hivyo, afisa yeyote asiichukue barua hii akaende kusema, “Mnaona, wazazi wanatapanya.” Hapo nitasimama mlangoni. Fedha zinazolipwa moja kwa moja nazo hupotea, tofauti ni kwamba mzazi hazioni zikipotea. Binti yetu alilipiwa msaidizi wa darasani kwa mwaka mzima, na baadaye tukagundua msaidizi huyo alikuwa mmoja kwa watoto watano. Tulipouliza tukajibiwa kwamba mkataba si wetu. Ni kweli, haukuwa wetu, hatukuwa tumelipa sisi. Shangazi angalau alikuwa na haki ya kuniuliza mimi akiba yake ilikokwenda. Aliuliza mara moja tu, nami nikamwambia ukweli.

Basi nikilazimishwa kutoa uamuzi, nautoa huu, na naona umekwenda mbali na neno nililoanza nalo. Fedha za kumfidia mzazi aliyeacha kazi ziwekwe mkononi, kila mwezi, bila risiti, kuanzia wiki ya ripoti. Hapo sibadiliki. Wala zisiwe za kumnyima asipate hata vibarua: Uingereza posho ya mlezi hudai saa 35 za uangalizi kwa wiki, na kipato chako kikipita kikomo walichoweka, hata kwa kidogo tu, unaikosa yote. Lakini fedha za tiba, hizi ambazo mwanzo nilitaka tupewe zote, mwaka wa kwanza nisingezipeleka mkononi. Zilipwe kwa huduma zilizochujwa, familia ikiona kila hesabu na ikiwa na haki ya kumkataa mtoa huduma. Baada ya mwaka, mzazi aliyekwisha kutembelewa na kufundishwa aachiwe achague mwenyewe.

Hilo ni kwa mahali penye huduma za kulipia. Pasipokuwa na hata mtaalamu mmoja, kumlipa mtaalamu moja kwa moja ni kutomlipa mtu, na hapo narudi kwenye jibu langu la kwanza. Pia nasema kama baba ambaye ndugu zake walikuwa na cha kutoa. Mama anayelea peke yake huenda ana hesabu nyingine kabisa, na yeye ndiye wa kusikilizwa kabla yangu.

Mke wangu amesoma mpaka hapa. Anasema nimekuwa mkali mno kwa nafsi yangu na mpole mno kwa ofisi. Yeye, anasema, angechukua fedha zote mkononi hata leo, kwa sababu bila zile za ukoo asingekaa kwenye benchi lile wiki zote hizo, wala asingekutana na yule bibi. Nimemwambia nitaliandika alivyolisema. Binti amekuja kuichukua chupa yake mezani na amerudi chumbani kwake.