Mwembe Ukishapogolewa, Paka Shina Siku Hiyohiyo

Ukikata matawi makubwa ya mwembe mwezi wa sita, paka shina na matawi yaliyobaki siku hiyohiyo. Usiseme kesho. Gome lililokaa kivulini miaka yote halijazoea jua, na kiangazi cha Mwanza, Juni hadi Agosti, hakilionei huruma.

Sisi wa Ilemela, hapa Mwanza, tuna la ziada: mawe. Shamba langu limepakana na majabali yanayoshika joto mchana kutwa na kulitoa hata jua likishazama. Miti iliyo jirani nayo ndiyo inayotangulia kupasuka gome. Kagua hasa upande wa kaskazini-magharibi, kwa kuwa miezi hiyo jua letu limeelemea kaskazini na la alasiri ndilo kali. Gome hukauka, hupasuka, kisha wadudu na kuvu hujipenyeza. Inaniuma kuona mtu anatumia fedha kununua dawa ya kuvu huku jua linaendelea kuunguza gome lilelile.

Weupe hurudisha mwanga, shina lisipate moto. Natumia chokaa ya kupaka nyumba, iliyokwisha kuzimwa kwa maji, nakoroga na maji mpaka ishike kwenye brashi bila kuchuruzika. Rangi nyeupe ya maji nayo inafaa, ukiizimua kwa maji kiasi sawa. Rangi ya mafuta usiikaribishe, inadhuru gome.

Lakini chokaa pekee haitibu. Kwa michungwa inayotoa gundi karibu na ardhi, kwanza ondoa udongo uliofunika shingo ya mti, kisha paka mchanganyiko wa mrututu (salfeti ya shaba, ile chumvi ya buluu) na chokaa. Ni dawa ya zamani: mtaalamu wa mimea Millardet aliitangaza Ufaransa mwaka 1885, kwenye mizabibu ya Bordeaux, na bado inafanya kazi. Kwa kupaka shina: mrututu kilo 1, chokaa kilo 1, maji lita 10. Yeyusha kila kimoja peke yake kwenye ndoo ya plastiki, maana mrututu unakula chuma, kisha changanya. Chovya msumari safi kwa dakika chache. Ukitoka na rangi ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza mti. Tumia siku hiyohiyo, na vaa glovu na miwani.

Kwa majani na matunda kuna kaolini, udongo mweupe laini sana. Matumizi yake kwenye miti ya matunda yaliendelezwa Marekani miaka ya 1990 na watafiti wa serikali, Michael Glenn na Gary Puterka miongoni mwao. Gramu 60 kwa lita moja ya maji hutosha. Unatikisa bomba mara kwa mara kwa sababu udongo huo unatuama. Utando wake hupunguza matunda kuungua na huwachanganya wadudu, nzi wa matunda wakiwemo. Kaolini ipo hata Pugu, karibu na Dar es Salaam, ila usichimbe tu na kunyunyiza: udongo usiosafishwa huziba nozeli.

Mimi sinyunyizi mvua za vuli zikikaribia, kwani zinausafisha wote. Na kama majani yana wadudu magamba, wale wadogo wanaoganda kama magamba na kufyonza utomvu, ahirisha kwanza. Utando huo huwasumbua pia wadudu rafiki wanaowala, na magamba yataongezeka.

Matunda yaoshe kwa maji na kitambaa kabla ya kuyapeleka sokoni. Wateja wakiona vumbi jeupe hudhani ni sumu.