Maswali ya Wasomaji: Buibui wa Mwaka 1962 na Buibui wa Mwaka 2002

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na kijana wangu tumebishana kuhusu Spider-Man hadi mama yake ametukataza kulitaja jina hilo wakati wa kula. Mimi nilisoma zamani, katika vitabu vya katuni alivyokuwa akiniletea mjomba wangu, kwamba Peter Parker, kijana anayekuwa Spider-Man, aling'atwa na buibui aliyepigwa na mionzi. Mwanangu, ambaye ameitazama filamu mara nyingi, anashikilia kwamba buibui yule alibadilishwa vinasaba maabarani. Kati yetu, nani anasema kweli? (Baba wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Ndugu yetu wa Tanga, nyote wawili mnasema kweli. Katika toleo la 15 la jarida la Amazing Fantasy la mwaka 1962, lililoandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko, Peter anahudhuria maonyesho ya sayansi kuhusu mionzi. Buibui anashuka kwa uzi wake, anapita katikati ya mashine, anapigwa na mionzi hiyo, na kabla ya kufa anamng'ata kijana mkononi. Katika filamu ya mwaka 2002 mionzi haimo kabisa. Peter anatembelea maabara pamoja na wanafunzi wenzake, na buibui anayemng'ata ni wa aina mpya iliyotengenezwa kwa kuunganisha vinasaba vya buibui mbalimbali. Hata utando ulibadilika, kwa kuwa Peter wa kwanza aliunda kwa akili yake vifaa vya kurushia utando na kuvifunga mikononi, ilhali yule wa filamu hiyo utando unamtoka mwilini.

Aliyelazimisha badiliko hilo ni msomaji. Mtunzi wa hadithi hizi hutafuta jambo ambalo wasomaji wake wamelisikia kwenye habari, wanaliogopa kiasi, na hawalielewi vya kutosha kuweza kumkatalia. Mwaka 1962 jambo hilo lilikuwa atomu. Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikuwa bado zinalipua mabomu ya majaribio hewani, na mkataba wa kuyazuia ulikuja kutiwa saini mwaka uliofuata. Kufikia mwaka 2002 mionzi ilikuwa imezoeleka hospitalini, na mtu aliyepigwa picha ya eksirei alirudi nyumbani akiwa vilevile alivyokwenda. Vinasaba ndivyo vilivyokuwa na giza la kutosha kuficha muujiza, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kusikia habari za Dolly, kondoo aliyezaliwa Uskoti mwaka 1996 kwa kunakiliwa kutoka seli ya kondoo mwingine, na mwaka 2000 rasimu ya ramani ya vinasaba vya binadamu ilikuwa imetangazwa duniani.

Tazama pia Flash, yule mwenye mbio. Wa kwanza, Jay Garrick wa mwaka 1940, alipata kasi yake kwa kuvuta mvuke wa maji magumu yaliyomwagika maabarani alipokuwa amepumzika avute sigara. Maji magumu ni yale yenye madini mengi ambayo sabuni hutoa povu kwa shida, na kama yangekuwa na uwezo huo, Dodoma peke yake ingetosha kutupatia timu nzima ya Olimpiki. Baadaye, nadhani kwa aibu, waandishi walirekebisha wakasema yalikuwa maji mazito, ambayo hutumika katika baadhi ya vinu vya nyuklia. Flash wa pili, Barry Allen wa mwaka 1956, alikuwa mwanasayansi wa polisi, naye alipata kasi hiyo radi ilipopiga rafu ya kemikali zikammwagikia.

Superman mwenyewe, ambaye kwa kawaida ndiye huhesabiwa kuwa wa kwanza wa aina yake, amepewa maelezo zaidi ya mara moja. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliozaliwa katika familia za Wayahudi wahamiaji, walipomtoa mwaka 1938 hakuwa akiruka angani kama ndege. Aliweza kuchupa umbali wa kama mita 200 tu. Walieleza kwamba watu wa sayari yake walikuwa wametangulia mamilioni ya miaka katika ukuaji wa mwili, wakamtolea msomaji mfano wa sisimizi anayebeba mzigo mkubwa kuliko uzito wake na panzi anayechupa mbali. Maelezo ya kwamba nguvu zake zinatokana na mwanga wa jua letu la manjano, ambayo leo kila mtoto anayajua, yaliingizwa mwaka 1960. Kwa maoni yangu yale ya sisimizi yalikuwa mazuri zaidi, kwa kuwa msomaji aliweza kutoka nje na kumtazama sisimizi mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu, mkipatana mseme kwamba baba alisoma hofu ya mwaka 1962 na mtoto ametazama hofu ya mwaka 2002. Mama akiwaruhusu.

SWALI: Mhariri, mwalimu wetu wa fizikia alisema mionzi ya gama ni hatari, lakini Hulk alipigwa nayo akawa jitu lenye nguvu. Je, mionzi inaweza kumwongezea mtu nguvu hata kidogo? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Mwanza)

JIBU: Kijana wetu, mwalimu wako yuko sahihi. Katika hadithi ya Mei 1962, mwanasayansi Bruce Banner anakimbilia uwanja wa majaribio ya bomu ili kumwokoa kijana aliyeingia humo na gari, anamsukumia handakini, na yeye mwenyewe anapigwa na mionzi ya gama. Hadithi inaishia kwenye jitu. Jambo linalokaribia zaidi kisa hicho katika historia lilitokea tarehe 21 Mei 1946 huko Los Alamos, New Mexico, palipotengenezwa bomu la kwanza la atomiki. Mwanafizikia Louis Slotin alikuwa akionyesha jaribio la plutoniamu, bisibisi ikateleza, mmenyuko wa nyuklia ukaanza, naye akausimamisha kwa mkono wake huku wenzake wakiwa chumbani humo. Alikufa baada ya siku tisa.

Sababu ni hii. Mionzi ya gama ina nishati ya kutosha kuvunja viungo vya kikemia ndani ya seli, na seli zinazogawanyika kwa haraka, kama zile za uboho wa mifupa na za ukuta wa ndani wa utumbo, ndizo zinazoangamia mapema. Mwili hubaki bila kinga, mtu hutapika, na maambukizi humwingia kwa urahisi. Ni kweli kwamba mionzi hubadilisha vinasaba. Hermann Muller alilithibitisha jambo hilo mwaka 1927 kwa kuwapiga inzi wa matunda eksirei, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini mabadiliko hayo huja ovyo, katika seli hii na ile, na yanayodhuru ni mengi kuliko yanayofaa. Hakuna namna ya seli zote za mtu mzima kubadilika pamoja kuelekea kwenye misuli mipana.

Nikuongezee mambo mawili ambayo mwalimu hatakuuliza kwenye mtihani. Katika toleo la kwanza Hulk alikuwa wa rangi ya kijivu, na alibadilika jua lilipozama, wala si alipokasirika. Rangi ya kijani ililetwa na mtambo wa kuchapia, kwa kuwa kijivu kilitoka tofauti ukurasa hadi ukurasa, ikabidi toleo la pili libadilishe rangi.

Na kwa kuwa wadogo zako huenda wanausoma ukurasa huu pia, niseme kwamba meno ya buibui hayawezi kumhamishia mtu vinasaba; hutia sumu tu. Mwaka 2020 huko Bolivia ndugu watatu, wote watoto, walimwachia buibui mwenye sumu kali awang'ate wakitumaini kuwa kama Spider-Man, wakaishia kulazwa hospitalini. Walipona.

SWALI: Nimeambiwa kwamba Storm wa X-Men, yule mwanamke anayeamuru mvua na radi, ni Mkenya. Kama ni kweli, nguvu zake zilitoka kwa mizimu ya kwetu au kwa sayansi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ni Mkenya kwa upande wa mama. Ororo Munroe alitolewa mwaka 1975 na Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Mama yake, N'Dare, ametajwa kuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, na baba yake ni mpigapicha wa habari Mmarekani. Anazaliwa New York, analelewa Kairo, wazazi wake wanakufa nyumba yao inapoangukiwa na ndege wakati wa vita, na baadaye anatembea hadi Kenya, ambako watu wanamheshimu kama mungu kwa sababu ya mvua anayoileta.

Nguvu zenyewe ni za kuzaliwa nazo. Kundi la X-Men lilipoanzishwa mwaka 1963, Stan Lee alikuwa amechoka kubuni ajali baada ya ajali, kama alivyokiri mwenyewe baadaye, akaona njia ya mkato ni kusema kwamba watu hawa walizaliwa hivyo na kwamba uwezo wao hujitokeza wanapobalehe. Hata hapo atomu haikuwa mbali, kwa kuwa Profesa Xavier, kiongozi wa kundi hilo, anaeleza katika toleo la kwanza kwamba wazazi wake walifanya kazi kwenye mradi wa bomu la atomiki. Waandishi waliofuata wakaongeza kwamba Storm anatokana na ukoo wa makuhani wanawake wenye nywele nyeupe na macho ya bluu, kwa hiyo siku hizi anavyo vyanzo vyote viwili ulivyovitaja.

Kinachonikera ni Kenya yenyewe. Nchi ilikuwa na karibu miaka 12 ya uhuru, lakini katika kurasa zile wanaompigia Ororo magoti hawana kabila linalojulikana, hawana shule, na hawana mji. Laiti waandishi wangeuliza, wangeambiwa habari za ukoo wa Nganyi wa Bunyore, huko Vihiga, ambao wanafahamika kwa utabiri wa mvua kwa kuangalia miti, wadudu, ndege na upepo, na ambao wameshirikiana na idara ya serikali ya hali ya hewa. Hapo pangekuwa na chanzo cha nguvu chenye wazee, mafunzo na mabishano.

Black Panther wa mwaka 1966 alitendewa haki zaidi. Nguvu za T'Challa, kwani ndilo jina lake, hutoka kwenye mmea unaoruhusiwa kwa mkuu wa Wakanda, nchi ya kubuniwa ya Afrika, kwa hiyo zinaambatana na kiti cha enzi, na katika filamu ya mwaka 2018 tunaona akinyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu hizo kabla ya kupigana na mshindani wake.

SWALI: Mimi ni mchoraji chipukizi na nimembuni shujaa wa kike. Je, ni lazima nieleze alipata wapi nguvu zake? (Mchoraji, Zanzibar)

JIBU: Si lazima, na si lazima iwe mapema. Batman, ambaye hana nguvu yoyote ila mazoezi, akili na fedha nyingi, alitokea Mei 1939, lakini kisa cha wazazi wake kuuawa kilisimuliwa kwa mara ya kwanza Novemba mwaka huohuo, na wasomaji hawakumwacha. Fumo Liyongo wetu naye hakuhitaji maabara. Utenzi unasema tu kwamba alikua akawa mrefu, mpana na mwenye haiba, kisha unaendelea na safari yake.

Usichoweza kukiacha ni mpaka wa nguvu. Sote tunajua kwamba Liyongo hakudhurika ila kwa shaba ya kitovuni. Superman alikaa miaka kadhaa bila kryptonite, jiwe linalomdhoofisha, hadi mchezo wa redio ulipolileta mwaka 1943, na vitabu vikalichukua mwaka 1949, kwa kuwa mtu asiyeshindwa na chochote ni vigumu kumwandikia kisa cha kila mwezi. Captain Marvel wa mwaka 1940 ni mtoto anayepata nguvu kwa kutamka neno moja, kwa hiyo adui akimziba mdomo kwa kitambaa mambo yamekwisha. Mpaka ninaoupenda zaidi kwa mchoraji ni ule wa Green Lantern wa mwaka 1959, ambaye pete yake haikuweza kufanya lolote dhidi ya kitu cha rangi ya manjano. Unahitaji kalamu moja tu ya rangi kumtia taabuni.