Msikiti kutetea wapangaji wakati wa korona, ni dini ama ni siasa?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Mimi ni katika kina mama wa kamati ya msikiti huku Kisauni. Mwaka 2020 korona ilipoingia watu wengi mtaani walipoteza vibarua vya hoteli, mwanzo tulikua tunagawa unga na tende za futari tu, lakini kuna mjane ambaye mwenye nyumba wake alimng'olea mlango kwa kodi ya miezi mitatu, akawa analala na watoto ametundika leso pale mlangoni. Imamu na vijana wakaenda kumkabili mwenye nyumba mpaka mlango ukarudishwa, baada ya hapo tukawa tunawalipia watu kodi na kuwaendea mabosi waliokataa kulipa mishahara. Wengine tuliowasaidia ni Wakristo. Leo kuna wazee wanasema ile ilikua siasa na pesa za zaka tulizichezea. Tunataka kuandika utaratibu wa msikiti, tuandikeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ukhti, Allah awalipe nyote, na huyo mjane Allah amsitiri.

Kwanza hili la siasa. Kila Ijumaa khatibu akikaribia kumaliza tunasikia "Innallaha ya'muru bil'adli wal ihsan", Suratun Nahl aya ya 90, yaani Allah anaamrisha uadilifu na ihsani (kutenda wema), na uadilifu ndio umetangulia. Unga na tende ni ihsani na ina thawabu zake kubwa, lakini mtu ameng'olewa mlango wewe ukampa kilo mbili za unga ukaenda zako, ule uadilifu nani ataufanya?

Na Mtume wetu (s.a.w) alifanya kazi hii hii kabla hata hajapewa utume. Kuna mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alikuja Makka akamuuzia mali Al-As bin Wail, mkubwa wa watu, huyu Al-As akachukua mzigo lakini pesa akakataa kutoa. Yule mgeni hana ukoo pale hana wa kumtetea, akapanda jabali la Abu Qubays akapiga kelele Maquraishi wamsikie, bas ndio watu wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakaapa watasimama na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake, awe mwenyeji awe mgeni. Hicho ndicho kiapo cha Hilful Fudhul. Mtume alikuwepo, na baada ya Uislamu akasema lau angeitwa kwa kiapo kama kile angeitika. Sasa angalia, wale walikua washirikina waliokutana kwa ajili ya deni la mtu mmoja na Mtume akajifaharisha na kiapo chao, iweje waumini wakikutana kwa ajili ya mlango wa mjane iwe ni siasa? Siasa ingekua kama mlimpa kwa sharti ampigie kura fulani, hapo ningewakataza mimi mwenyewe.

Mwenye nyumba naye ana aya yake, Baqara 280, mdaiwa akiwa na dhiki angojewe mpaka apate wepesi, na mkisamehe ni bora kwenu. Na dhiki ile ilikua wazi jamani, Aprili 2020 Mombasa hutoki huingii, kafyu saa moja usiku, hoteli za Nyali zimefungwa, mtu angetoa wapi? Kung'oa mlango bila amri ya mahakama hata sheria ya nchi haikubali. Lakini nawaomba sana msiwaonee wenye nyumba, kuna bibi kizee riziki yake yote ni vyumba viwili vya kupangisha, na mpangaji mwenye uwezo akijificha nyuma ya korona asilipe Mtume amesema mwenye nacho kuchelewesha deni ni dhulma. Kwa hiyo andikeni kwenye utaratibu wenu kwamba kamati inasikiza pande mbili kabla ya kwenda kumkabili mtu.

Kwenye zaka ndio wazee wana pointi. Tawba aya ya 60 imetaja watu wanane na wenye madeni wamo, kwa hiyo kodi ya nyuma aliyoshindwa kulipa Muislamu ni deni, yafaa kulipwa na zaka, ila kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi ukitaka kumkabidhi mwenye nyumba moja kwa moja lazima mdaiwa akupe ruhusa kwanza, muulizeni na muandike. Kodi ya mwezi unaokuja bado si deni, hiyo mpeni mkononi kwa fungu la mafakiri na masikini alipe mwenyewe. Na hakuna kudai zirudishwe, ile haikua mkopo.

Majirani Wakristo kuwasaidia ni katika wema ambao Allah hakutukataza, Mumtahina aya ya 8, na kumtetea aliyedhulumiwa hakuangalii dini. Lakini wanazuoni wengi, na madhehebu yetu pia, hawatoi fungu la masikini la zaka kwa asiyekua Muislamu, hao wanapewa sadaka. Kwa hiyo wekeni akaunti mbili, laini ya M-Pesa ya zaka mbali na ya sadaka mbali, na fungueni daftari la 2020 mhesabu kodi za Wakristo zilizotoka kwenye zaka, kiasi hicho kitolewe kwenye sadaka kirudi kwenye zaka. Msiende kuwadai wale majirani hata shilingi.

Wallahu aalam.