Jina la digrii lisikudanganye, soma orodha ya kozi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka Julai, steshenari za Nyegezi, hapa Mwanza, wanakojaziwa maombi ya chuo, zinajaa vijana wenye swali lilelile: "Kaka, kati ya Uhasibu na Benki na Fedha, ipi inalipa?" Mwenye steshenari ana foleni nyuma, naye anawajazia kile walichojaziwa wa jana. Ndani ya dakika kumi miaka mitatu ya mtu imeshaamuliwa. Tunaliona kila msimu, na wale wale tunakuja kuwapokea kazini kwenye fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wakiwa wameshakwama. Wadogo zangu, nawapenda, lakini sasa imetosha. Someni haya kabla ya kulipia maombi.

1. Fungua orodha ya kozi kwanza, fomu baadaye.

Hili ndilo linaloumiza kuliko yote, na sisi tuliotangulia tumelichochea kwa kuwaambia "soma chochote cha biashara, utajipanga mbele ya safari". Kujipanga huko kuna gharama yake, na hatukuwatajia.

Digrii mbili zinaweza kubeba neno "fedha" kwenye jina na ndani zisifanane. Ya kwanza ina taarifa za fedha kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ukaguzi, kodi, uhasibu wa gharama na sheria za biashara. Ya pili ina uhasibu wa utangulizi mihula miwili, kisha masoko, ujasiriamali, rasilimali watu na mawasiliano ya ofisini. Zote ni digrii halali, na ya pili inamfaa mtu anayekwenda kuendesha biashara au kuuza huduma za benki. Mwenye ndoto ya ukaguzi, au ya kuwa mkuu wa fedha kiwandani, ndiye anayeumia, kwa sababu njia yake inapita kwenye CPA, ile sifa ya uhasibu wa kitaaluma, na CPA inapita NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu.

Bodi haiangalii ukubwa wa sherehe yako ya mahafali. Inaangalia transkripti. Ukiwa na digrii ya uhasibu inayotambulika kwao, unaruka ngazi ya msingi na kuanzia ya kati, kisha ya mwisho. Isipotambulika hivyo, unaanzia msingi, kwenye mambo unayodhani umeyamaliza chuoni. Mitihani inafanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Kwa hiyo ngazi moja ya ziada ni nusu mwaka ikiwa utafaulu masomo yote kwa mkupuo, na wanaofaulu yote kwa mkupuo huku wameajiriwa ni wachache. Kampuni nyingi zinafunga hesabu tarehe 31 Desemba, hivyo wakaguzi wanalala ofisini kuanzia Januari hadi Aprili. Ukitoka hapo, mtihani wa Mei huo hapo mlangoni. Mwenzako mliyehitimu naye anasomea ngazi ya mwisho. Wewe bado unatafuta usiku wa kurudia daftari la mwaka wa kwanza. Kosa lilifanyika siku ile ya steshenari, maumivu yanakuja miaka minne baadaye, na wakati huo hakuna wa kumlaumu.

Kulikagua ni kazi ya jioni moja. Pakua prospektasi ya chuo. Chukua karatasi, andika kozi zote za mwaka wa pili na wa mwisho. Pembeni yake weka silabasi ya NBAA ya ngazi ya msingi na ya kati, uipate kwenye tovuti yao. Piga mstari panapofanana, hesabu mapengo. Kisha iandikie idara ya chuo na Bodi yenyewe uulize kama programu hiyo inakupa msamaha wa ngazi ya msingi. Taka jibu la maandishi. La mdomo halitakusaidia kitu Novemba.

2. Alama.

Kima cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa waliotoka kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani ufaulu kamili wa masomo mawili, zenye jumla ya pointi 4, yaani hata D mbili. Hicho ni cha nchi nzima. Kila programu ina masharti yake kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka husika, na za fedha nyingi zinaulizia hisabati. Mwenye HGE au HKL, tahasusi zisizo na hisabati, asome mstari huo mara mbili.

3. Uhasibu, fedha au hesabu za bima?

Nenda soko la Mwaloni Kirumba usimame karibu na mfanyabiashara wa dagaa. Tuchukue mfano: kanunua magunia 200 kwa 150,000 kila moja, jumla milioni 30, taslimu. Usafiri milioni 2. Kauza yote kwa 180,000, jumla milioni 36, lakini nusu ya wateja watalipa baada ya mwezi. Faida yake ni milioni 4. Mkononi kaingiza milioni 18 na katoa 32, kwa hiyo ana pengo la milioni 14, na wavuvi wa wiki ijayo wanataka pesa yao. Mhasibu anahakikisha ile faida ya milioni 4 ni ya kweli na imeandikwa sawasawa. Mtu wa fedha anatafuta namna ya kuziba lile pengo: mkopo gani, wa siku ngapi, kwa riba ipi isiyoila faida yote. Mtaalamu wa hesabu za bima anapima uwezekano wa mzigo kuharibika njiani na bei ya kuukinga. Swali lililokufanya uchukue kalamu ndilo programu yako. Hilo la tatu linataka hisabati ya kweli. Mwenye EGM au PCM nzuri, tahasusi zenye hisabati, asiliogope, linafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM).

4. Ushauri wa biashara hauna digrii yake.

Deloitte, PwC, EY na KPMG, kampuni kubwa za ukaguzi na ushauri, wana ofisi Dar es Salaam, McKinsey wa ushauri wako Nairobi, na timu za ushauri za namna hiyo huchukua wachumi, wahandisi, watu wa takwimu na wahasibu pamoja. Mchujo wa kwanza ni GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, unaoishia 5. Chini ya 3.5, ambapo daraja la pili la juu linaanzia, CV yako ina kazi ngumu sana ya kujitetea. Kwa hiyo msichukulie sapu (mitihani ya kurudia) za mwaka wa kwanza kirahisi eti "mwaka wa kuzoea", bumu, ile pesa ya mkopo, linakwenda starehe na vitabu vimefungwa. Vyuo vingi vinakokotoa GPA tangu muhula wa kwanza. Jifunzeni Excel mpaka muweze kujenga ule mfano wa dagaa bila kuandika jibu hata moja kwa mkono.

5. Mwanza au Dar?

Kama programu ya vyuo vya hapa Mwanza, SAUT, CBE au TIA, imepita kipimo cha namba 1, na nyumbani wanakupa chumba, baki. GPA ya 4.0 ukiwa umelala kwenu ina nguvu kuliko 2.9 ya chuo chenye jina kubwa uliyoipata ukihangaikia kodi ya geto. Fildi zipo: viwanda vya minofu ya sangara, vinu vya pamba, SACCOS, ofisi ndogo za ukaguzi zinazokukabidhi faili zima badala ya kukutuma fotokopi. Peleka barua ya kuomba fildi Machi, usisubiri Juni.

6. Baruapepe na namba ya simu kwenye maombi ziwe zako.

Za mwenye steshenari usizikubali hata akisema ni haraka. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri ndani ya siku chache, na namba hiyo inatumwa kwenye simu au baruapepe uliyojaza. Maombi ya mkopo HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, ni safari nyingine kabisa, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema. Nenosiri liandike kwenye daftari, daftari libaki nyumbani kwa mama.